Sufuria Tuliyompelekea Wamboi

Jackie amekuja hapa mara tatu na daftari jipya, ananiita shangazi, "Tata, andika habari za mama, wewe ndiye uliyemjua." Mara ya kwanza nilimpa chai akaenda. Mara ya pili nilijifunika blanketi nikajifanya mgonjwa. Mimi kusoma nilisomea ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, na mkono wangu umezoea jembe, kalamu unaiona kama kijiti cha kuchokoa meno. Tena kuna mambo mtu akiyanyamazia anakaa vizuri na majirani. Lakini msichana huyu ana kichwa kigumu kama cha mama yake. Basi naandika, na naandika mara moja tu. Mahali ambapo mimi nimo nitajiita Mumbi, kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu habari hii ni ya Wamboi.

Wamboi alikuwa muuza uji. Miaka ishirini alisimama nje ya lango la kiwanda cha nguo, kule Eneo la Viwanda Thika, na kabla king'ora cha asubuhi hakijalia alikuwa ameshapanga vikombe vyake juu ya kreti iliyopinduliwa. Uji wake ulikuwa ule mchachu, wa mahindi na wimbi, unaolowekwa siku tatu mpaka unafanya povu na kunong'ona wenyewe. Wanaume waliotoka zamu wakiwa na pamba kwenye nyusi walikunywa wamesimama, wakapangusa mdomo, wakasema, "Nyina wa Jackie, huu uji unaamsha maiti." Naye aliwajibu, "Basi lipa kabla hujafa tena."

Siri yake ilikuwa kibuyu. Kibuyu kikubwa cheusi alichopewa na mama yake, na ndani hakikumalizika kamwe. Aliacha masalio chini, akaongeza unga mpya na maji ya vuguvugu, akakifunga na kukiweka karibu na jiko. Hakukiosha kwa sabuni. Mwaka mmoja msichana wa jirani alitaka kumsaidia, akakisugua kwa sabuni ya unga mpaka kikang'aa. Siku ya tatu uji ulinuka kama panya aliyekufa nyuma ya kabati. Wamboi alimwaga nusu gunia la unga, na hakumpiga msichana. Alimwambia tu, "Humu ndani kuna wenye nyumba. Umewafukuza, wakaingia wezi." Ilimchukua mwezi mzima kukirudisha kibuyu katika tabia yake.

Mume wake alikufa Jackie akiwa bado ananyonya. Shemeji yake, Kinuthia, alimtoa kwenye shamba la Gatundu kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, akisema mwanamke aliyezaa msichana mmoja hana haja na ardhi. Wamboi alibeba mtoto mgongoni na kibuyu mkononi akaja Makongeni, akapanga chumba katika ploti yetu, mlango ukitazamana na wa Mumbi. Hakuwahi kurudi Gatundu hata kwa mazishi. Uji ule ndio uliomsomesha Jackie mpaka akapata kazi ya ofisi kwenye shamba la kahawa kule Ruiru.

Jackie alipopata mchumba, kijana mtulivu anayeitwa Githinji, Kinuthia alituma ujumbe. Alisema damu ni ya kwao, na siku ya ruracio, ile ya kupokea mahari, iliyotazamiwa Disemba ya mwaka uliofuata, yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha kupokea wageni. Wazee wa ukoo walikaa, wakabishana, mwisho wakakata hivi: mama akiwa hai, atakaa mama. Mama akiwa hayupo, atakaa Kinuthia. Wamboi alicheka alipoambiwa. "Nitakaa," alisema. "Na nitakalia kiti chenye mto."

Wakati huo miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Alikuwa na mgongo mbaya wa kubeba mitungi, na kwa mgongo huo alikuwa amemeza vidonge vya maumivu kila siku kwa miaka, vile vya dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, kama mtu anayekula njugu. Presha alikuwa nayo pia, lakini presha haiumi, kwa hiyo hakuijali. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni. Ngozi ikamwasha mpaka akajikuna kwa gunzi la mahindi. Jackie akampeleka kwa nguvu kwenye kliniki moja ya Ruiru, kwa daktari kijana aliyeitwa Kagwe, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja.

Daktari aliangalia karatasi za damu, akaziweka chini, akaziangalia tena.

"Mama, figo zako zimechoka sana. Kazi yake ni kuchuja uchafu wa chakula kutoka kwa damu. Sasa zinachuja kidogo tu."

"Zipe dawa."

"Hazina dawa ya kuzirudisha. Kuna mashine ya kusafisha damu Nairobi, mara mbili kwa wiki, maisha yote."

Wamboi hakuuliza bei. Alimtazama Jackie, akaona uso wa Jackie, akajua bei.

"Kuna lingine?" akauliza.

Daktari akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba nyama, maharagwe, maziwa, vyote vikishavunjwa mwilini vinaacha uchafu, na uchafu huo figo zake haziwezi kuutoa. Halafu akasema jambo ambalo Wamboi hakulitarajia kutoka kwa mtu aliyesoma. Alisema ndani ya utumbo wa kila mtu kunaishi vidudu vidogo sana, bakteria, maelfu kwa maelfu, na si adui. Lakini wanategemea wanacholishwa. Ukiwalisha mabaki ya nyama nyingi, na choo kikikaa siku nne bila kutoka, wale wanaopenda uozo wanaongezeka na kutengeneza sumu, na sumu inarudi kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya figo zinaitoa. Kwake yeye inabaki.

"Ndiyo maana unawashwa," alisema. "Ndiyo maana ladha ya chuma."

Wamboi alijikuna mkono. Kisha akasema, "Kwa hivyo tumbo langu ni kibuyu."

"Kibuyu?"

"Kibuyu cha uji, kijana wangu. Kuna wenye nyumba na kuna wezi. Ukiweka kitu kibaya, wezi wanaingia. Mimi nimefuga hivyo vidudu miaka ishirini, sikujua tu vina jina la hospitali."

Daktari Kagwe alivua miwani. Jackie anasema hapo ndipo alipoanza kuongea naye kama mtu anayeongea na fundi mwenzake. Akamwambia kuna madaktari ng'ambo waliojaribu kuwapa wagonjwa kama yeye utomvu mkavu wa mgunga, ule wa kule kaskazini, ukiyeyushwa kwenye maji. Tumbo la mtu haliwezi kuusaga. Unafika chini mzima, na wale vidudu wazuri wanaula na kuzaana. Na ili wazaane wanachukua sehemu ya uchafu uleule ulioshinda figo, wanaujengea miili yao, kisha wanatoka nao chooni.

"Hauponyi, mama. Nisikudanganye. Pamoja na chakula chenye nyama kidogo na dawa ya presha, unaweza kuvuta siku."

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Mimi nataka mpaka Disemba. Baada ya hapo tutaongea tena."

Akaandikiwa masharti. Nyama kipande kama kiberiti, si kila siku. Mboga zikatwe, zichemshwe, maji yamwagwe. Ndizi mbivu asiguse. Vidonge vya mgongo, mwisho. Na supu ya mifupa, ambayo ndiyo dawa yetu sisi kwa kila ugonjwa kuanzia uzazi hadi uzee, hapana kabisa, hata kijiko.

Utomvu aliupata Majengo, kwa Zainab, mwenye duka la nafaka na ubani karibu na msikiti. Ndugu zake Zainab walikuwa wakiuleta kutoka upande wa Garissa, mafundo ya rangi ya asali, magumu kama changarawe.

"Unataka wa kufukiza ama wa kutafuna?" Zainab aliuliza.

"Wa kunywa."

"Wallahi, wewe mama ni wa kwanza. Nani amekutuma?"

"Wapangaji wangu. Wana njaa."

Zainab alicheka mpaka akashika mizani. Alipoelezwa vizuri aliacha kucheka, akachambua mafundo moja moja, akatoa maganda na mchanga, akayatwanga mwenyewe kwenye kinu. Tangu siku hiyo hakumpimia tena utomvu ambao haujachambuliwa.

Wamboi akawa anakoroga kikombe asubuhi na kikombe jioni. Wiki mbili za kwanza tumbo lilijaa upepo, likanguruma kama lori la mawe. "Wanahamia," alisema. Wiki ya tatu choo kikawa kila siku. Mwezi wa tatu hakujikuna tena. Damu ilipopimwa, uchafu ulikuwa umeshuka. Haukuisha, lakini daktari alimwita muuguzi aje aone karatasi. Mwezi wa Juni Wamboi alirudi langoni pa kiwanda, siku tatu kwa wiki, ameketi kwenye kiti, lakini amerudi.

Sasa nije kwa Mumbi.

Mumbi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha ploti zetu. Mtu akizaa, kikundi kinapika. Mtu akifiwa, kikundi kinapika. Mtu akiugua, kila mama anabeba sufuria kwa zamu, na sufuria ya kwanza ni ya mwenyekiti. Aliposikia Wamboi ni mgonjwa alinunua miguu ya ng'ombe, akaichemsha kutoka asubuhi mpaka mafuta yakaelea kama sarafu, akaibeba mwenyewe akiwa amevaa kitambaa cha kanisa.

Wamboi alimkaribisha, akampa kiti, akasema, "Mumbi, asante. Lakini rudi nayo. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Daktari. Inalisha wadudu wabaya tumboni."

"Wadudu? Kwa supu yangu kuna wadudu?"

"Si kwa supu. Kwa tumbo langu."

"Haiya! Kwa hivyo unafuga wadudu, unawapa gundi ya Wasomali, na supu ya mwenzako inawadhuru."

"Ndiyo hivyo hasa," Wamboi akasema, naye hakuwa mtu wa kulainisha neno. "Umeelewa haraka."

Mumbi alibeba sufuria yake ikiwa na kifuniko chake, akavuka ua mbele ya macho ya wanawake wote waliokuwa wakifua. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Kurudisha chakula cha mwenzako kikiwa kimefunikwa ni kumwambia usoni kwamba unaogopa mkono wake. Kufikia jioni ilikuwa imeshasemwa mpaka bombani kwamba Wamboi anatuona sisi wachawi. Mumbi hakulisema. Mumbi hakulikanusha pia.

Miezi sita hawakusalimiana, mlango kwa mlango.

Wazee wa Githinji walikuja mwezi wa kumi kubisha hodi, siku yenyewe ikapangwa: Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Disemba. Kisha mvua ikaanza, ile mvua ambayo hata watoto wa sasa wanaijua kwa jina. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, haikujua kuacha. Barabara ya Garissa ikakatika, malori yakazama mpaka madirishani. Zainab akafagia gunia la mwisho, akampa Wamboi vumbi lililobaki chini, hakutaka malipo.

"Ndugu zangu wako ng'ambo ya mto," alisema. "Hata mimi sijui kama wamekula."

Vumbi lile lilitosha siku tisa. Baada ya hapo Wamboi alikunywa uji wake kikombe kimoja, akafuata masharti mengine yote, akangoja. Tumbo likafunga. Mwasho ukarudi, kwanza miguuni. Alihesabu kwa vidole wiki zilizobaki, akaona zinatosha. Angeweza kufika, taratibu, bila kujitikisa.

Ndipo Jackie, aliyekuwa amekuja kutoka Ruiru, akaingia akilia. Alikuwa amekwenda kwa akina mama mmoja mmoja kuwaomba wapike siku ya ruracio, na kila mmoja alimwambia amuulize mwenyekiti. Mwenyekiti alimwambia, "Mama yako haogopi mikono yetu siku hiyo tu? Wageni wale, yeye asile? Mwambie ale kwetu kwanza, tumwone kwa macho. Tukiona, tutapika."

"Tuajiri wapishi," Jackie alisema. "Githinji anasema ataleta wapishi wa hoteli."

Wamboi alikuwa ameketi kitandani anajipaka mafuta mguuni. "Ruracio ya msichana wangu, ua wote ukae umefunga milango, wapishi wa hoteli watupondee mukimo wa viazi na mahindi? Kinuthia akikuta hivyo, atauliza wazee kama mama huyu ana watu. Na wazee wataona aibu kunijibia."

"Basi uwaeleze tena."

"Niliwaeleza."

"Uliwaeleza kwa kiburi, mami."

Wamboi aliendelea kujipaka mafuta. Angeweza kuvuka ua, hatua kumi na mbili, amketishe Mumbi, amweleze kibuyu kama alivyomweleza daktari. Mumbi alikijua kile kibuyu. Angeelewa. Lakini aliona hatua zile kumi na mbili ni za mtu mwingine kutembea. Na upande wa pili wa ua kulikuwa na mwanamke anayefikiria vivyo hivyo.

Jumatatu ya wiki ya ruracio Wamboi aliwaita akina mama wote. Mumbi akaja na sufuria yake, miguu ya ng'ombe ileile. Wamboi akashika bakuli kwa mikono miwili mbele yao, akanywa, akaomba bakuli la pili.

"Tamu," alisema.

"Umeona?" Mumbi alisema, akamwekea mfupa wenye uboho. "Wadudu gani? Ni njaa tu ilikuwa inakusumbua. Angalia ulivyokonda."

Wakacheka, Wamboi akacheka nao. Jumanne ikaja sufuria ya mama wa pili, ya mbuzi na maharagwe. Jumatano ya tatu, na ndizi mbivu. Alikula vyote. Jackie alikuwa kazini Ruiru, na aliporudi Ijumaa alikuta ua umejaa kuni, wanawake wanamenya viazi wakiimba, na mama yake ameketi katikati yao amevimba uso, anatabasamu.

"Umefanya nini, mami?"

"Nimekununulia wapishi."

Jumamosi mvua ilipumzika. Kinuthia alifika na koti la mvua na fimbo, akatafuta kiti cha mbele, akakuta kuna mto juu yake na Wamboi juu ya mto. Pumzi ya Wamboi ilikuwa inanuka kama mkojo, naye alijua, kwa hiyo alishika leso mdomoni na kuongea kwa ufupi. Wazee walipomaliza maneno yao, alisimama. Kusimama kulimchukua muda, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Jackie," akauliza, kama inavyoulizwa, "vitu vya watu hawa tuvipokee ama tuvirudishe?"

"Vipokee, mami."

"Sema kwa sauti, baba yako mdogo amekuja kutoka mbali."

"Vipokee!"

Watu wakapiga vigelegele. Wamboi akaketi. Nyama ilipopita mbele yake aliisukuma kwa mgongo wa mkono, akamshika Mumbi kwenye kifundo cha mkono akamvuta chini.

"Sufuria yako ilikuwa nzuri," alimwambia sikioni. "Lakini daktari hakukosea. Siku nyingine uliza mtu kwanza."

Mumbi alidhani ni uchovu unaosema.

Alilazwa Jumatatu. Alikufa tarehe mbili Januari, asubuhi, Jackie akiwa ameketi upande mmoja na Zainab upande wa pili. Zainab alikuwa amebeba pakiti ya utomvu mpya kwenye mkoba. Lori la kwanza lilikuwa limevuka siku iliyotangulia.

Baada ya mazishi Mumbi alikwenda Ruiru peke yake, akapanga foleni kama mgonjwa. Alipoingia hakukaa.

"Daktari, ni supu ilimuua?"

Daktari Kagwe aliweka kalamu chini. "Supu haikuleta ugonjwa, mama. Figo zilikuwa zinaisha. Na gundi nayo ilikuwa imekosekana. Supu ilifupisha siku."

"Siku ngapi?"

"Sijui."

Mumbi akarudi nyumbani. Mumbi ni mimi, na kibuyu cha Wamboi kiko kwangu, karibu na jiko. Jackie ndiye aliyeniletea. Sikumwomba. Naongeza unga kila siku ya tatu, na sikioshi kwa sabuni. Wengine watakwambia mimi sikujua, na ni kweli sikujua, lakini niliambiwa. Kuambiwa na kutojua havikai chumba kimoja.

Basi nimeandika kama nilivyoombwa, na mkono unaniuma. Sasa zamu ni yako wewe unayesoma. Kuna mgonjwa uliyempelekea chakula mwezi huu, usinidanganye. Inuka, nenda kwake leo, mikono mitupu. Kaa chini umuulize amekatazwa nini, na akianza kukueleza mambo ya vidudu vya tumboni, funga mdomo usikilize mpaka amalize. Kisha uje hapa Makongeni uniambie alisema nini, neno kwa neno. Mlango ni ule unaotazamana na chumba kilichofungwa, na mimi nitakuwa nimekaa.